Jamvi la Taifa Lisikunjwe

Ratiba ya televisheni ya taifa si karatasi ya saa na majina ya vipindi tu. Ni tamko ambalo taifa hulitoa kila siku, likiwaambia watu wake nini kitangulie na nini kifuate, nani apewe saa ya watu wengi na nani aambiwe angoje hadi watu walale. Anayetaka kuijua heshima ambayo taifa linaipa lugha yake, ngoma zake, watoto wake na walimu wake, asihangaike na hotuba za sikukuu. Na aisome ratiba. Hotuba husemwa mara moja kwa mwaka. Ratiba husema siku zote 365, wala haijui kuficha.

Twasema hayo kwa sababu iko rai inayoenea miongoni mwa wataalamu wa utangazaji na hata miongoni mwa watu wenye nia njema. Rai yenyewe ni hii: kwamba maadamu mfumo wa dijitali umetupa nafasi ya chaneli nyingi, basi mambo ya utamaduni, ya watoto na ya elimu yapewe chaneli zao wenyewe, na chaneli kuu ya umma ibaki na habari, mpira, muziki wa vijana na tamthilia zinazovuta matangazo ya biashara. Wenye rai hii huisema kwa maneno matamu. Husema kwamba wanaupa utamaduni nyumba yake. Sisi twasema kwamba wanautoa sebuleni na kuupeleka katika kibanda cha uani, kisha wanataka tuwashukuru kwa ujenzi.

Hatuupingi mfumo wa dijitali. Atakayeikataa mvua kwa kuogopa tope atakufa njaa. Tunalolipinga ni kuutumia wingi wa chaneli kama kisingizio cha kuiondolea chaneli ya umma kazi iliyofanya iitwe ya umma. Na ili hoja yetu isionekane kuwa ni malalamiko ya washairi wanaolilia nafasi yao, hatuna budi kuanza na tulikotoka.

Somo la redio

Zanzibar ilianza kuwa na televisheni katika miaka ya mwanzo ya 1970, tena televisheni ya rangi, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Tanzania Bara haikufuata njia hiyo. Viongozi wa wakati ule waliiona televisheni kuwa ni anasa kwa nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa bado hawana maji ya bomba wala umeme, wakaitegemea redio. Ilipofika mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikaanza kurusha picha huku Bara, na televisheni ya taifa ikaja baadaye, kuelekea mwaka 2000. Shirika la Utangazaji Tanzania, yaani TBC, liliundwa mwaka 2007 na kuzirithi redio na televisheni ya taifa kwa pamoja. Kwa hiyo, kwa Mtanzania wa Bara, chuo cha kwanza cha ratiba ya taifa hakikuwa televisheni. Kilikuwa redio.

Redio ile ilifanya nini? Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha watoto cha Mama na Mwana. Ilikuwa na Malenga Wetu, ambamo beti za mshairi wa kijijini zilisikika sawasawa na beti za mshairi wa mjini. Ilikuwa na Lugha ya Taifa, ambamo wajuzi wa Kiswahili walifafanua maneno na matumizi yake. Vipindi hivi havikufungiwa mahali pa wapenda ushairi peke yao, au mahali pa wenye watoto peke yao. Vilikaa katika safu moja na taarifa ya habari, salamu na matangazo ya vifo. Mkulima aliyewasha redio ili asikie habari za bei ya mazao alikutana na shairi. Hakulitafuta, lilimkuta. Na mengi tuyajuayo katika utamaduni wetu tuliyajua kwa njia hiyo hiyo: hatukuyatafuta, yalitukuta.

Hapa pana jambo ambalo twaomba walimu wawaeleze wanafunzi wao, maana limesahauliwa. Radio Tanzania nayo ilikuwa na idhaa zaidi ya moja. Palikuwa na Idhaa ya Taifa, na palikuwa na Idhaa ya Biashara. Wazee wetu walipoona haja ya kutenga, hawakuutenga utamaduni wakauacha uwanja mkuu kwa biashara. Waliitenga biashara wakaipa idhaa yake, na Idhaa ya Taifa ikabaki kuwa ya taifa. Leo mtu anapopendekeza kinyume cha hayo, asiseme kwamba anafuata mahitaji ya mitambo. Mitambo haichagui. Wachaguzi ni watu.

Tutoe mfano mwingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Wananchi wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakiwa na kijitabu kimoja na redio moja, wakasikiliza kipindi kimoja katika saa moja, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi zilizoficha mbu. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika mtambo, maana mitambo ya wakati ule ilikuwa dhaifu ukilinganisha na ya leo. Nguvu yake ilikuwa katika ratiba: watu wengi, jambo moja, saa moja. Aliyeko Kagera alijua kwamba mwenziwe wa Mtwara anasikia neno lile lile dakika ile ile. Tunaposema taifa, sehemu kubwa ya maana yake ni hiyo.

Ugomvi wa mtungi

Sasa tuutazame mfumo wenyewe, maana mtu hawezi kubishana juu ya jambo asilolifahamu. Katika mfumo wa analojia, kila chaneli ya televisheni ilihitaji njia yake katika masafa ya hewani, na masafa ni kama shamba lenye mipaka: halizai zaidi ya ukubwa wake. Mfumo wa dijitali huigeuza picha na sauti kuwa tarakimu, huzibana tarakimu hizo na kuzifunga pamoja, hata njia iliyokuwa ikibeba chaneli moja ikaweza kubeba chaneli kumi na zaidi. Mpokeaji naye huhitaji king'amuzi, ama kilichomo ndani ya televisheni yake ama cha kando, ili tarakimu zile zirudi kuwa picha na sauti.

Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Geneva mwaka 2006 uliiweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa kulindwa kwa matangazo mengi ya analojia katika Afrika na Ulaya. Tanzania haikungoja ukomo huo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwaka 2013 ikafuata miji mingine, kama vile Dodoma, Mwanza, Arusha na Mbeya. Majirani zetu wa Kenya walizima mapema mwaka 2015, nao walipitia msukosuko mkubwa: shauri lilifika Mahakama ya Juu, na kwa majuma kadhaa vituo vikubwa vya watu binafsi havikuwa hewani kwa sababu ya ugomvi juu ya nani abebe matangazo yao.

Tukumbuke basi tulizungumza nini katika miaka ile. Tulizungumza juu ya bei ya ving'amuzi. Tulizungumza juu ya leseni za kujenga mitambo ya kurushia. Mwaka 2018 tukazungumza tena, pale chaneli za nyumbani zilipoondolewa katika baadhi ya ving'amuzi vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni. Yote hayo yalikuwa mazungumzo ya haki, kwani mwananchi asiyeweza kupata matangazo hana faida na ubora wake. Walakini tulibishana sana juu ya mtungi hata tukasahau kuuliza maji. Ni mara chache mno ilisikika sauti ikiuliza: sasa kwa kuwa nafasi imekuwa kubwa, vipindi gani vitaongezwa, saa gani, kwa ajili ya nani, na kwa lugha gani? Swali hilo halikujibiwa kwa sababu halikuulizwa kwa sauti kubwa. Na swali la umma lisipojibiwa na umma, hujibiwa na wenye matangazo ya biashara.

Hatusemi kwamba hakuna jema lililofanyika. Mwaka 2018 ilianzishwa Tanzania Safari Channel, chaneli inayoionyesha nchi yetu, mbuga zake na vivutio vyake, na jambo hilo halingewezekana kirahisi katika uchache wa masafa ya analojia. Hiyo ni faida ya wingi, na twaipongeza. Lakini chaneli ya namna hiyo ni nyongeza juu ya kazi ya chaneli kuu. Haifai kuwa sababu ya chaneli kuu kusema: mambo ya nchi yana mahali pake, sisi hayatuhusu tena.

Yaliyowapata wengine

Mwerevu hujifunza kwa jirani aliyeunguliwa na nyumba. Uingereza inatufaa kwa mfano huu, si kwa sababu ni bora kuliko sisi, bali kwa sababu ilitangulia na mambo yake yameandikwa. Shirika la utangazaji la nchi ile, BBC, lilikuwa kwa miaka mingi likirusha vipindi vya watoto alasiri katika chaneli yake kuu, BBC One. Mwezi Februari 2002, nafasi ya dijitali ilipopatikana, likaanzisha chaneli mbili za watoto, CBBC na CBeebies. Mwezi uliofuata likaanzisha BBC Four, chaneli ya sanaa na elimu. Wakati ule ilisemwa kwamba hizi ni nyongeza, na kweli zilikuwa nyongeza. Vipindi vya watoto viliendelea pia katika chaneli kuu.

Mwezi Oktoba 2012 Uingereza ilimaliza kuzima analojia. Haikupita hata miezi mitatu. Mwezi Desemba mwaka huo huo vipindi vya watoto vya alasiri viliondolewa BBC One, na mapema Januari 2013 vikaondolewa vile vya asubuhi vya BBC Two. Sababu iliyotolewa ilikuwa nyepesi kueleweka: watoto wengi wamekwisha kuhamia kwenye chaneli zao. Hivyo nyongeza ikageuka kuwa badala.

Je, mambo yaliishia hapo? La hasha. Mwezi Mei 2022 shirika lile lile lilitangaza mpango wa kuziondoa hewani CBBC na BBC Four katika miaka itakayofuata, na kuhamishia kazi zake kwenye intaneti. Kabla ya hapo, Februari 2016, chaneli yake ya vijana, BBC Three, ilikuwa imeondolewa hewani na kubakizwa kwenye intaneti. Na ilipofika Februari 2022 ikabidi irudishwe hewani. Shirika lenye fedha na uzoefu kuliko mengi duniani limehitaji miaka sita kugundua kwamba chaneli iliyotolewa hewani inahitaji kurudishwa.

Msomaji na azipime hatua hizo. Ya kwanza, jambo hupewa chaneli yake ya pembeni, na watu hushangilia. Ya pili, jambo lile huondolewa katika chaneli kuu kwa sababu lina chaneli yake. Ya tatu, ile ya pembeni nayo huwekwa katika orodha ya kufungwa kwa sababu ya gharama. Hakuna hata hatua moja ambayo mtu alisimama na kusema, tunawanyima watoto. Kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri. Lakini mwisho wa safari mtoto ambaye zamani alikutana na kipindi chake katika chaneli ile ile aliyotazama babu yake, sasa anapaswa kukitafuta.

Na kama hayo yanatokea katika nchi ambayo karibu kila nyumba ina televisheni na intaneti, sembuse kwetu? Mtoto wa London aliyeondolewa kipindi chake BBC One alibonyeza rimoti akakipata kwingine. Mtoto wa Namtumbo anayetazama televisheni kwa jirani hashiki rimoti.

Hoja za upande wa pili

Watetezi wa rai tunayoipinga wana hoja tatu, nazo zastahili kujibiwa moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya uhuru. Husemwa: chaneli ni nyingi, kila mtu achague apendalo, kwa nini mtu alazimishwe kutazama ngoma au ushairi? Hoja hii ina sura ya haki. Lakini huchukulia kwamba kila mtu ana televisheni yake, king'amuzi chake, malipo yake ya mwezi na rimoti mkononi mwake. Hali yetu sivyo ilivyo. Televisheni moja hutazamwa na nyumba nzima, na mara nyingi hutazamwa na nyumba tatu. Hutazamwa mgahawani, kwenye baraza la duka, katika banda la mpira. Pale mahali, mchaguzi ni mmoja na watazamaji ni ishirini. Wale kumi na tisa hawana uhuru wowote isipokuwa ule ambao ratiba ya chaneli kuu imewapa. Fauka ya hayo, malipo ya mwezi yakiisha, zinazotarajiwa kubaki katika king'amuzi ni chaneli za bure. Ukiuweka utamaduni au elimu katika chaneli iliyo ndani ya kifungu cha kulipia, umeugeuza urithi wa wote kuwa bidhaa ya mwenye fedha.

Tena, mtu huchagua katika yale ayajuayo. Mwanafunzi ambaye hajapata kuisikia zeze ya Wagogo hawezi kuichagua. Kijana wa bara ambaye hajapata kuona taarabu ikipigwa na kikundi kamili, wenye kanuni, fidla na udi, hawezi kuitamani. Chaneli ya pembeni huwahudumia wale waliokwisha kupenda. Chaneli kuu ndiyo inayowafanya watu wapende. Taifa likibaki na ya kwanza tu, kila kizazi kitakuwa na wapenzi wachache kuliko kilichotangulia, kisha atatokea mtaalamu na takwimu zake atuambie kwamba watazamaji wamepungua, basi na ifungwe.

Hoja ya pili ni ya fedha. Husemwa kwamba saa za jioni ndizo zenye matangazo ya biashara, na kwamba ruzuku ya serikali haitoshi. Hatuikatai shida ya fedha. Sisi wengine ni watumishi wa serikali na twajua jinsi mafungu yanavyogawanywa. Lakini hoja hii ikifuatwa hadi mwisho wake, hujiua yenyewe. Kama chaneli ya umma itajaza saa zake bora kwa vitu vile vile vinavyorushwa na chaneli za watu binafsi, kwa sababu zile zile na kwa wafadhili wale wale, basi kwa nini umma uigharamie? Chaneli ya umma haidaiwi kodi ya wananchi kwa kuwa inaweza kushindana na wengine katika biashara. Inadaiwa kwa kuwa inafanya yale ambayo biashara haitayafanya. Ikiacha kuyafanya, imeivunja hati yake ya kuzaliwa. Wala hatusemi kwamba saa zote ziwe za ngoma na masomo. Mpira uonyeshwe, na timu ya taifa ionyeshwe kwa shangwe. Tunachodai ni sehemu iliyolindwa, si milki nzima.

Hoja ya tatu ni ya vijana. Husemwa: vijana wako katika simu zao, ratiba ni jambo la wazee, kila kitu hutazamwa wakati mtu atakapo. Tumewasikia wanafunzi wenyewe wakisema hivyo. Twawajibu kwamba simu ni chombo kizuri cha kumpelekea mtu kitu, lakini haitengenezi kitu. Kipande cha dakika mbili cha bibi anayesimulia hadithi, kinachosambaa katika simu, kilirekodiwa na nani? Nani alilipa gari la kwenda Ukerewe, nani alilipa mpiga picha, nani alimtafuta bibi yule? Kama chaneli ya taifa haina saa ya kukirusha kipindi hicho, haitakuwa na sababu ya kukitengeneza. Na kisipotengenezwa, hata simu haitakuwa nacho. Ratiba ni agizo la kazi. Saa iliyotengwa leo ndiyo inayomlazimisha mtayarishaji aende kijijini kesho.

Tena yalitokea mambo mwaka 2020 yaliyoonyesha kwamba saa ya pamoja haijazeeka. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya maradhi ya UVIKO-19, redio na televisheni zilitumika kuwapelekea wanafunzi masomo majumbani. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba ratiba ni jambo la wazee. Shida iliyoonekana ilikuwa nyingine: hatukuwa na mazoea. Mwalimu anayefundisha mbele ya kamera na mwanafunzi anayejifunza mbele ya kioo wote walihitaji desturi iliyojengwa kwa miaka, na desturi haijengwi kwa dharura.

Tunayoyadai

Polemiki isiyokuwa na madai ni kelele. Yafuatayo ndiyo tunayoyadai kwa chaneli kuu ya televisheni ya taifa, yaani ile ambayo kila king'amuzi huipokea bila malipo.

Kwanza, iwepo saa ya watoto kila siku ya juma, jioni, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, katika Kiswahili, na sehemu kubwa yake iwe imetengenezwa nchini. Mtoto anayekua akitazama katuni za kigeni peke yake hujifunza kucheka kwa lugha ya watu wengine. Chaneli maalumu ya watoto ikiweza kuanzishwa, ianzishwe, irudie vipindi hivyo mara nyingi iwezekanavyo. Lakini vizaliwe katika chaneli kuu.

Pili, baada ya taarifa ya habari ya usiku, walau mara mbili kwa juma, kirushwe kipindi cha utamaduni wa Mtanzania: ngoma, taarabu, hadithi, ushi na ufinyanzi, mapishi, historia ya mahali. Saa ile ndiyo saa ambayo watu wengi wapo mbele ya kioo, na kwa hiyo ndiyo saa ambayo wapenda biashara hawatatupa kwa hiari. Hiyo ndiyo sababu ya kuidai.

Tatu, Kiswahili kiwe na kipindi chake cha kila siku, hata kikiwa cha dakika kumi. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tulijivuna, kwa haki. Lakini lugha yenye siku moja kwa mwaka na isiyokuwa na dakika kumi kwa siku ni mgeni wa heshima nyumbani kwake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wataalamu, washairi wapo, walimu wapo. Hapakosekani ila saa.

Nne, chaneli za ziada zitumike kama maghala. Kila kipindi cha utamaduni na cha masomo kilichorushwa katika chaneli kuu kihifadhiwe, kirudiwe huko, tena kwa saa zinazojulikana, ili mwalimu aweze kuandaa somo lake akijua kwamba Jumatano saa nne asubuhi darasa lake litaona kipindi fulani. Hiyo ndiyo kazi bora ya wingi wa dijitali: kurudia, kuhifadhi, kupanua. Ghala halichukui nafasi ya jamvi. Jamvi ni pale ambapo wote huketi. Ghala ni pale ambapo chakula hutunzwa ili jamvi lisiwe tupu.

Tano, ratiba itangazwe mapema na iheshimiwe. Kipindi kinachosogezwa kila panapotokea jambo jingine hufundisha watu kutokitegemea, na baada ya muda hakuna anayekingoja. Ukitaka kukiua kipindi bila kukifunga, kihamishe saa mara tatu.

Kazi ya walimu na wanafunzi

Haya hatuyaachi mikononi mwa wakubwa wa utangazaji peke yao. Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akauweka utamaduni na vijana chini ya paa moja. Alijua kwamba utamaduni usiokabidhiwa kwa vijana ni maiti iliyopambwa. Kwa hiyo twawapa walimu na wanafunzi kazi ambayo haihitaji fedha.

Darasa na lichukue juma moja. Wanafunzi wagawane siku, na kila kundi liandike ratiba ya chaneli ya taifa kama ilivyorushwa kweli, si kama ilivyotangazwa. Wahesabu: dakika ngapi zilikuwa za Kiswahili na ngapi za lugha nyingine, ngapi zilitengenezwa nchini, ngapi zilikuwa za watoto, na saa gani, ngapi zilikuwa za sanaa zetu, na saa gani, ngapi zilikuwa matangazo ya biashara. Kisha wafanye hesabu hiyo hiyo kwa chaneli moja ya watu binafsi, walinganishe. Wakikuta kwamba chaneli ya umma imetofautiana na nyingine kwa mambo yaliyo mema, waseme hivyo, na sifa itolewe pasipo choyo. Wakikuta kwamba hazitofautiani ila kwa nembo iliyo pembeni mwa kioo, waandike barua, wataje hesabu zao, waipeleke kwa wahusika kwa heshima na bila woga.

Kizazi chetu kilikuta mashairi redioni bila kuyatafuta, na baadhi yetu tukawa washairi kwa sababu hiyo tu. Hatukustahili bahati ile kuliko mtoto wa leo. Mtoto wa leo ana chaneli nyingi kuliko tulizoziota. Anastahili walau moja ambayo, akiiwasha kwa ajili ya mpira, itamwambia, ngoja kidogo, msikilize na huyu.